Kifo kimeandikwa "ajali ya kuanguka" na maiti imeshazikwa: mpelelezi binafsi aanzie wapi?

BintiKibokoni

Assalaam aleikum wakubwa. Swali kwa wanaoijua kazi hii. Nina usajili wa upelelezi binafsi, mwajiri wangu ni mama mzazi wa marehemu. Nayaweka yaliyopo tu.

Marehemu ni mwanamke wa miaka 34, Mombasa kisiwani, ghorofa ya tatu. Mume anasema alitoka roshani kuanika nguo, akaanguka saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, mwezi wa pili. Aliokotwa kifudifudi juu ya kabro (matofali ya kutandika uwanjani). Baada ya kama robo saa akapandishwa nyumbani, akalazwa chali. Hospitali hakupelekwa. Akaoshwa saa nne asubuhi na wanawake wanne, akazikwa baada ya adhuhuri. Kituoni OB (kitabu cha matukio cha polisi) inasema "kuanguka kwa bahati mbaya" na hakuna daktari aliyemfungua. Leo ni siku ya 19.

Mmoja wa walioosha alimwambia mama, "Alikuwa mkavu kama ubao." Shahidi mwingine anaonyesha alipolala: mita 2.9 kutoka ukutani. Duka la upande wa pili lina kamera.

Kipi kitangulie? Ukavu ule unathibitisha chochote? Na hiyo mita 2.9 ina maana gani?

---

FundiWaya

Dada, weka mengine yote chini, nenda dukani leo hii. Kamera moja ya 1080p inayorekodi kwa H.264 (namna ya kubana video) hula kama megabiti 4 kwa sekunde. Kamera nne ni megabiti 16, yaani megabaiti 2 kila sekunde, karibu gigabaiti 173 kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inajaa kabla siku ya sita haijaisha, na hapo mashine inaanza kuandika juu ya picha za zamani. Ukikuta H.265, inayobana zaidi, kwa megabiti 2 ni siku 11 na ushei. Siku ya 19 matumaini ni mawili: duka lina diski ya terabaiti 2 au zaidi, au mashine imewekwa irekodi pale tu kitu kinapotikisika. Mtaa uliolala usiku hauli diski sana, kwa hiyo usikate tamaa kabla ya kuangalia.

Ukifika, usiguse kitu kwanza. Mwombe mwenye duka afungue saa ya mashine kwenye skrini, uweke simu yako pembeni yenye saa ya mtandao, upige picha zote mbili kwa pamoja. Umeme wetu unakatika, na betri ndogo ya CR2032 ikifa, mashine inaporudi huanza na tarehe yake yenyewe. Kuna watu wamefukuza dakika ambayo haikuwapo kwa sababu saa ilikuwa nyuma kwa saa saba.

Toa picha kuanzia saa kumi usiku hadi saa moja asubuhi, kamera zote, si ile inayotazama jengo peke yake. Chukua faili asili pamoja na programu yake ya kuchezea. Kurekodi skrini kwa simu ni akiba tu. Piga alama ya SHA-256 (alama ya tarakimu inayoonyesha faili halijabadilishwa) hapo hapo, iandike daftarini, mwenye duka atie sahihi. Na usiitume faili kwa WhatsApp, inabanwa na taarifa zake za ndani zinafutika.

Uliza pia msikiti wa karibu kama una kamera mlangoni.

---

dkt_Mwembe

Fundi ameshasema la haraka. Mimi nijibu ukavu.

Maiti huanza kukakamaa taya na shingo, kwa kawaida kati ya saa 2 na 4 baada ya kifo. Mwili mzima hukakamaa ndani ya saa 6 hadi 12. Joto la Mombasa linaharakisha, na mtu aliyepigana au kukimbia kabla ya kufa hukakamaa mapema zaidi. Kwa maelezo ya mume, kutoka saa kumi na moja na dakika arobaini hadi saa nne ni saa 4 na dakika 20. Mwili wote kuwa mkavu kwa muda huo ni mapema, lakini si muhali. Ukiandika kwenye ripoti "alikufa usiku" kwa msingi huo peke yake, wakili wa upande wa pili atakumaliza kwa swali moja.

Kwa hiyo usianze na walioosha. Anza na aliyemfunga kidevu. Desturi yetu maiti ikishalazwa tu hufumbwa macho, hufungwa kitambaa kutoka chini ya kidevu hadi utosini, na viungo hulainishwa kwa kukunjwa na kunyooshwa. Hilo limefanyika lini? Kama ni mara tu alipopandishwa, inakaribia saa kumi na mbili, dakika kama 20 baada ya anguko. Taya la mtu aliyekufa dakika 20 zilizopita linaning'inia, linafungika bila nguvu. Kama aliyefunga anasema lilikuwa gumu, au mdomo ulikataa kufumba, hilo lina uzito kuliko ubao wa saa nne. Na kama viungo vilikunjwa vikakakamaa tena baadaye, napo ni habari: ukakamavu uliovunjwa ukiwa umekamilika haurudi, uliovunjwa ungali unaanza hurudi.

La pili ni damu iliyotuama. Moyo ukisimama, damu hushuka upande wa chini na kuacha rangi ya zambarau. Huanza kuonekana kati ya nusu saa na saa 2, na hushika moja kwa moja ndani ya saa 8 hadi 12. Huyu alilala kifudifudi robo saa tu, kisha chali saa nne nzima. Rangi ilipaswa kuwa mgongoni, isipokuwa pale mabega na makalio yalipogandamiza godoro. Wakikwambia kifua na tumbo vilikuwa vyeusi na mgongo mweupe, kuna kitu hakikai sawa. Tahadhari: mtu asiye daktari huchanganya rangi hii na michubuko, na kwenye ngozi nyeusi haionekani kirahisi. Uliza rangi ilikuwa wapi na ilienea vipi, usiulize "alipigwa?"

Jinsi ya kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Kila mmoja peke yake. Mpe karatasi yenye michoro miwili ya mwili, mbele na nyuma, achore kabla hujamtajia jeraha lolote. Kisha mpeleke kwa mpangilio wa josho lenyewe, maana mikono inakumbuka kuliko kichwa. Walipomwinua kidogo kumkamua tumbo, kiuno kilikunjika au aliinuka mzima? Walipogeuza kuosha upande wa kulia, mkono ulifuata? Vidole vilifunguka? Maji yalitoka na damu, na kutoka wapi, sikioni au puani? Vifundo vya miguu na visigino vilichezacheza? Aliyetua kwa miguu huvunja visigino na uti wa mgongo, aliyetua kwa kichwa fuvu na shingo. Viganja vilikwaruzika? Ndani ya mikono ya juu, kulikuwa na madoa madogo ya duara kama alama za vidole? Shingoni?

Kumbuka kitovu hadi goti hufunikwa wakati wa kuosha. Huko hawakuona, wasije wakasukumwa waseme waliona.

Hapa ndipo kuwa mwanamke kunakusaidia kweli. Maiti ya kike huoshwa na wanawake, mbali na mume, na mpelelezi mwanamume angeishia kuzungumza na kaka zao barazani.

---

PimaUkuta

Mita 2.9 bila urefu wa jengo ni namba tupu. Nikichukulia sakafu ya ghorofa ya tatu iko mita 9 juu ya kabro (pima, usikisie) na kitovu cha uzito wa mtu kiko kama mita 1 juu yake, anguko ni mita 10. Muda wake ni kipeuo cha pili cha (2 × 10 ÷ 9.81), yaani sekunde 1.43. Gawanya 2.9 kwa 1.43, unapata mita 2 kwa sekunde kwenda mbele. Mtu aliyepinduka juu ya kingo (chuma cha kuzuia roshani) akianika nguo hutoka na mwendo mdogo sana na hutua karibu, mara nyingi chini ya mita moja na nusu kutoka ukingo wa roshani. Mita 2 kwa sekunde ni mwendo wa mtu aliyeruka, au aliyerushwa, au aliyegonga kitu njiani.

Na hapo ndipo hesabu inakoma, haikwambii ni mkono wa nani. Pia angalia makosa matatu yanayoiharibu. La kwanza, mita 2.9 imepimwa kutoka ukutani au ukingo wa roshani? Roshani ikichomoza mita 1.2, inabaki 1.7 na kisa kinageuka. La pili, imepimwa hadi kichwani au kiunoni? Tunapima hadi katikati ya mwili. La tatu, kuna paa la mabati la kibanda, waya wa nguo au tawi lililomgeuza njiani? Shahidi mmoja hatoshi. Waite wawili kwa nyakati tofauti, kila mmoja aweke chokaa alipomkuta, upige picha zote mbili na futi.

Kingo zenyewe: pima kutoka sakafu iliyomalizwa hadi juu ya chuma, sehemu tatu. Urefu wa marehemu haumo kwenye kitambulisho, lakini fundi aliyemshonea mabuibui anao urefu wa bega hadi kisigino. Hicho ni kama asilimia 82 ya mtu. Sentimita 131 zinakupa mtu wa 160. Kitovu cha uzito cha mwanamke kiko kama asilimia 55 ya urefu, hapa sentimita 88. Kingo ikiwa 105, hapinduki kwa kuinama tu, ni mpaka apande kitu. Kulikuwa na stuli? Ndoo? Ikiwa kingo ni 80, basi maneno ya mume yana mantiki na uyape haki yake.

Halafu hizo nguo. Mwezi wa pili jua la Mombasa huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Saa kumi na moja na dakika arobaini ni giza. Taa ya roshani inawaka? Beseni lilikutwa wapi, vibanio je? Maji yalikuwapo siku ile? Muulize mlinzi wa jengo pampu iliwashwa lini na matangi yalijazwa lini, maana nguo hazifuliwi kwa hewa. Na ndara zake zilibaki roshani, chini, au mlangoni zimepangwa?

---

BintiKibokoni

Ahsanteni sana. Mume ndiye mpangaji na amekataa nisiingie. Kabro imeshaoshwa. Je, ninyunyize dawa ya kutafuta damu kwenye mianya?

---

PimaUkuta

Usinyunyize kitu. Kabro na mchanga wa mianyani hushika damu hata baada ya kuoshwa, lakini dawa hizo huitikia pia dawa za kufulia na kutu, na ukishalowesha umemharibia mtaalamu wa serikali. Piga picha, chora ramani, acha. Kuhusu roshani, omba ruhusa kwa jirani wa juu au wa chini yake. Majengo yale hujengwa kwa ramani moja, kingo ni zile zile za fundi mmoja. Pima ya jirani, andika wazi kwamba ni ya jirani, halafu pima ya marehemu kutoka barabarani kwa kulinganisha kwenye picha.

---

Mama_Wakili

Binti, yote waliyosema ni mazuri, lakini jiulize ripoti yako inakwenda kwa nani. Huna mamlaka ya kukamata, kupekua wala kulazimisha mtu aseme. Sheria ya udhibiti wa usalama wa kibinafsi ya 2016 inakutaka uwe umesajiliwa, haikufanyi afisa. Ukijitambulisha kwa namna ya kumfanya mtu adhani wewe ni DCI (idara ya upelelezi wa jinai ya polisi), umetenda kosa. Lengo lako liwe moja: kumfanya hakimu afungue uchunguzi wa kifo.

Na mlango upo. Kifungu cha 386 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka mkuu wa kituo amjulishe hakimu na kufanya uchunguzi sio tu pale panaposhukiwa jinai, bali hata mtu akifa kwa ajali. Familia nyingi huambiwa "ni ajali, faili limefungwa" wakarudi nyumbani. Neno ajali halifungi chochote. Kwa hiyo barua ya kwanza ya mama, kupitia wakili, iulize tu: taarifa ya kifungu cha 386 ilipelekwa kwa hakimu yupi na lini? Taja namba ya OB kamili, pamoja na tarehe. Acha nakala kituoni, ya kwako igongwe muhuri.

Kituo kikinyamaza, kifungu cha 388 kinamruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuelekeza hakimu afanye uchunguzi. Hapo ndipo ripoti yako inapoambatanishwa. Na 387 inampa hakimu uwezo wa kuamuru kaburi lifukuliwe maiti ipimwe. Uamuzi huo si wako wala wa mama.

Tafuta pia kibali cha maziko kilitolewa kwa karatasi gani. Vifo vya hospitali huandikwa fomu D1, vya nyumbani D2 kupitia naibu wa chifu. Kama ni D2 na sababu imeandikwa "kuanguka", basi aliyeandika sababu hakuwa daktari, na wewe umepata shahidi: nani alikwenda kwa naibu wa chifu, saa ngapi, akasema nini? Watu wanaotunga kisa hukitunga vizuri kwa polisi na kukisahau kwa chifu.

Picha za FundiWaya bila cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi zitapigwa chini. Cheti kinatiwa sahihi na mwenye dhamana ya mashine, yaani mwenye duka au fundi wake, kikieleza kifaa na jinsi nakala ilivyotolewa. Wewe andika cheti chako kwa picha ulizopiga mwenyewe.

Simu ya marehemu ikiwa kwa mama na imezimwa, ibaki imezimwa. Andikeni IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kutoka kwenye boksi. Usijaribu namba za siri na usimtafute "mtu wa ndani" akupe orodha ya simu zilizopigwa. Hiyo hupatikana kwa amri ya mahakama. Ukiipata kwa mlango wa nyuma utapoteza ushahidi na utashtakiwa wewe.

---

Mwana_wa_Tanga

Wakuu, naongeza mawili. Dada wa kazi alikuwepo? Msikutane naye nyumbani kwa mwajiri wala nyumbani kwa mama wa marehemu, kote huko ataonekana amepangwa. Mlipe nauli tu, mchukue risiti, iandikwe. Mia tano ya "chai" itaitwa hongo siku ya siku.

La pili, wanaokwenda kuswali msikitini. Mwezi wa pili alfajiri huko inaingia kama saa kumi na moja na dakika ishirini. Kuna watu walipita pale wakienda, na wengine wakirudi karibu na saa kumi na moja na dakika hamsini. Aliyepita saa kumi na moja na nusu aliona nini juu ya ile kabro? Kama hakuona kitu, hilo nalo ni ushahidi, unamsaidia mume, uandike vile vile. Wengi wanakusanya yale yanayomfaa mwajiri tu.

Na usalama wako dada: usikubali kuonana na mume peke yako, sembuse kwenye roshani ile. Daftari halisi likae kwa wakili, wewe tembea na nakala.

---

BintiKibokoni

Nimefika dukani. Diski ni terabaiti 2, H.265, picha za kuanzia siku ile zipo, saa ya mashine iko mbele kwa dakika 6. Alhamdulillah. Shida sasa ni walioosha. Wawili wamesema hawasemi, mwosha maiti lazima asitiri.

---

Mama_Wakili

Usibishane nao, wanaishika amana yao, na hiyo inawafanya kuwa mashahidi wazuri. Aibu ya maiti inasitiriwa. Jeraha ni haki yake, ni mambo mawili tofauti, lakini hilo lisitoke kinywani mwako wewe mgeni. Mwombe mama amwendee mwanamke mkubwa wanayemsikiliza, mwalimu wao wa madrasa au mke wa imamu, awaeleze kwamba wataulizwa kuhusu majeraha, rangi na ukavu pekee, na kwamba mwili hautaelezwa zaidi ya hapo. Waandikie hayo maswali wayaone kabla. Mtakapokaa, jitambulishe kwa jina na kazi, usijifanye umekuja hitimani. Atakayekubali aende kwa wakili aape mbele ya kamishna wa viapo, kwa maneno yake ya Kiswahili, tafsiri ibandikwe pembeni. Usimwandikie wewe. Taarifa nne zenye sentensi zinazofanana zinanuka.

---

dkt_Mwembe

Na kabla hamjafika kwenye kufukua, mjue kitakachokuwapo. Maiti iliyozikwa kwa sanda bila sanduku, mwanandani, kwenye udongo wa joto letu, hupoteza nyama laini za shingo na michubuko ndani ya wiki chache. Mkisubiri miezi, swali la kunyongwa litabaki mfupa mdogo wa kooni, nao kwa mtu wa miaka 34 huenda usivunjike hata akinyongwa. Mivunjiko ya fuvu, visigino na uti wa mgongo hubaki miaka. Kwa hiyo kama walioosha wanataja shingo, wakili aharakishe ombi. Kama wanataja kichwa na miguu, muda upo.

Ombi litaje pia sampuli za sumu na dawa za usingizi: ini, msuli wa paja, nywele, na udongo wa juu, wa chini na wa pembeni mwa mwili, pamoja na mmoja kutoka mbali kidogo na kaburi wa kulinganishia. Pombe msiihesabu, mwili unaooza hujitengenezea wenyewe. Na nguo alizoanguka nazo ziko wapi? Kama bado zipo, zikaushwe kivulini, kila moja kwenye mfuko wake wa karatasi. Za plastiki zinaozesha.

---

BintiKibokoni

Dera lipo kwa dada yake, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni tangu siku ile. Naenda nalo sasa kwa mifuko ya kaki. Aliyefunga kidevu ni shangazi wa mume, nimeahidiwa kuonana naye kesho baada ya alasiri.